Mzigo wa Frasila Mbili na Gari Jepesi

Mwaka 1874, Henry Morton Stanley alipowasili Unguja kujitayarisha kwa safari yake ya pili ya bara, aliletewa mashua iliyoundwa Uingereza, kando ya mto Thames, naye alikuwa ameipa jina la Lady Alice. Mashua hiyo ilikuwa na urefu wa futi 40, na iliundwa kwa vipande vitano ili ipate kuchukuliwa mabegani mwa watu. Katika agizo lake Stanley alitaka kila kipande kisizidi ratili 120. Vilipopimwa hapa Unguja, ikaonekana kwamba kipande kimoja chakaribia ratili 280. Mashua ilikuwa imara na nzuri ya kutazamwa, lakini kwa kazi iliyokusudiwa haikuwa na faida, kwa sababu njia za bara wakati ule zilikuwa vichochoro vya kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake, na hapana wapagazi ambao wangeweza kupita na kitu kizito namna ile katika vichaka vya Usagara. Ikabidi atafutwe fundi wa merikebu, naye akaipasua na kuipunguza upana mpaka ikawa mizigo inayobebeka. Mashua iliyopunguzwa hivyo ndiyo iliyozunguka Ziwa Nyanza mwaka 1875 na Ziwa Tanganyika mwaka 1876, kisha ikateremka mto Kongo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kimetokea kwetu, na kwa sababu fundi yule, ambaye wengi hawamjui, alifanya kazi ambayo waundaji wa magari wa leo hulipwa fedha nyingi kuifanya. Alipewa chombo kilichokwisha kulipiwa, akaambiwa akifanye chepesi pasipo kukidhoofisha na pasipo gharama kubwa. Mambo hayo matatu, yaani nguvu, uzito na bei, ndiyo yanayobishaniwa kila siku na wale wanaounda magari madogo ya kasi, ambayo vijana wetu huyaita magari ya spoti. Na hayo hayo, kwa maoni yangu, yangepaswa kubishaniwa katika ofisi zetu kila fomu ya kununua gari inapotiwa saini. Mara nyingi hubishaniwa mawili tu: injini ina nguvu gani, na bei yake ni kiasi gani. La uzito halina anayeliuliza.

Ili kuliona jambo lenyewe inatupasa kwanza kwenda Tabora, na kwenda kwa miguu.

Njia kuu ya misafara ilianzia mrima, Bagamoyo au Saadani, ikapanda Usagara hadi Mpwapwa, ikakata Ugogo penye shida ya maji na hongo, ikaingia pori la Mgunda Mkali, kisha ikatokea Unyanyembe, mahali ambapo leo panaitwa Tabora. Hapo ikagawanyika: tawi moja likaelekea Ujiji, jingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba: siku 134. Stanley, katika safari yake ya kwanza, aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika Unyanyembe mwezi Juni, siku zisizofika 100, akajisifu sana. Tembe alimokaa yeye na Livingstone pale Kwihara mwaka 1872 lingaliko, limehifadhiwa kuwa makumbusho. Humo Livingstone alisubiri miezi kadhaa mpaka wapagazi aliotumiwa walipofika mwezi Agosti. Hakuwa na njia nyingine. Pasipo mabega hapakuwa na safari.

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa frasila ni nini, kwani wazee wetu walipima karafuu kwa kipimo hicho hicho: ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Frasila mbili ni kama kilo 32. Juu ya mzigo wa tajiri aliongeza mkeka wake, chungu chake, silaha yake na akiba kidogo ya chakula. Wenye nguvu walichukua zaidi, hasa pembe za ndovu, na katika Unyamwezi ilikuwa ni fahari. Kijana ambaye hajakwenda pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Lakini kiongozi wa msafara mwenye busara hakumpangia kila mtu mzigo wa yule mwenye nguvu kuliko wote.

Sasa tazama hesabu ya posho. Desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kiasi cha ratili moja na nusu. Kama mpagazi angebeba chakula chake cha siku 90 za kwenda Tabora, angehitaji ratili 135, na mzigo wake wote ni ratili 70! Angekula mzigo mzima kabla ya kufikia siku ya hamsini, na bidhaa ya tajiri isingebaki na mahali pa kukaa. Kwa hiyo chakula kilinunuliwa njiani kwa nguo na shanga. Lakini nguo na shanga za kununulia nazo zilikuwa mizigo, zikataka wapagazi wao, na wapagazi hao nao walikula kibaba kila siku, wakazidisha nguo za kununulia, na mtemi wa Ugogo alipoona msafara umerefuka, naye akaongeza hongo. Uzito ulizaa uzito. Ratili moja isiyo ya lazima, iliyotiwa katika mzigo pale Bagamoyo, haikulipiwa Bagamoyo peke yake. Ililipiwa kila siku mpaka Unyanyembe.

Mtu atasema, kwa nini wasitafute chenye nguvu zaidi ya binadamu? Walitafuta. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe, kwa mfano wa Afrika Kusini. Ng'ombe wakafa, mbung'o wakiwa miongoni mwa sababu, na wamisionari wakarudi kuajiri wapagazi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akagharimia jambo la ajabu zaidi: ndovu wanne wa India, pamoja na watunzaji wao, walishushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakaongozwa na Mwingereza aitwaye Carter kuelekea Ziwa Tanganyika. Hapana mnyama wa mizigo mwenye nguvu kupita ndovu. Lakini ndovu huhitaji chakula kingi na maji mengi kila siku, na mizigo waliyotwikwa ilikuwa mizito. Wakafa mmoja baada ya mwingine, na Carter mwenyewe akauawa mwaka 1880. Mpagazi wa Kinyamwezi, mwenye nguvu kidogo, uzito kidogo na ujira mdogo, akabaki mshindi wa njia ile mpaka reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912. Hivi sasa barabara ya lami yatoka Manyoni kupitia Itigi hadi Tabora, na reli mpya ya upana wa kimataifa, ambayo tangu mwaka 2024 inachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, imepangiwa kufuata mkondo ule ule wa magharibi.

Hesabu ya kibaba ndiyo hesabu ya gari. Mhandisi akitaka gari liende kasi zaidi, njia iliyo karibu ni kutia injini kubwa. Injini kubwa ni nzito, basi chesisi lazima iimarishwe. Nguvu zikizidi, giaboksi na difu lazima ziwe nene. Gari likiwa zito, breki hazitoshi, basi ziongezwe. Tairi nazo zipanuliwe. Tangi la mafuta likuzwe, maana injini yanywa zaidi. Na mafuta yenyewe yana uzito. Mwisho wa yote gari limekuwa zito kiasi kwamba ile injini kubwa haitoshi tena. Mhandisi wa Kiingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, aliigeuza hesabu hiyo juu chini. Mwaka 1957 alitoa gari la watu wawili liitwalo Lotus Seven, lisilofika kilo 500, lenye injini ndogo ya Ford ya nguvu za farasi 40 tu katika namna yake ya kwanza. Halikuwa na milango, wala paa la maana. Lakini kwa kuwa halikuwa na cha kubeba, farasi wale 40 walitosha kulifanya lisumbue magari ya bei kubwa katika viwanja vya mashindano.

Maofisa wa kodi watapenda kujua kwamba Lotus Seven liliuzwa sana likiwa vipande, mnunuzi akaliunga mwenyewe nyumbani, kwa sababu katika Uingereza ya siku zile gari lisilokamilika halikutozwa kodi ya ununuzi. Hivyo bei yake ilipunguzwa na sheria ya kodi kama vile uzito wake ulivyopunguzwa na mhandisi. Japani walikwenda mbele zaidi. Huko serikali iliweka daraja maalumu la magari madogo, likiwa na mpaka wa ukubwa wa mwili na wa injini, na wenye kuyamiliki wakapewa nafuu ya kodi. Mpaka wa injini ulikuwa sentimita za ujazo 360 katika miaka ya 1950, ukawa 550 mwaka 1976, kisha 660 mwaka 1990. Katika mpaka huo mwembamba Suzuki waliunda mwaka 1991 gari la spoti liitwalo Cappuccino: kilo 700, injini ya silinda tatu yenye turbo, sentimita za ujazo 657, farasi 64.

Farasi 64 ni wachache. Hata hivyo, gawa kwa uzito. Utapata kama farasi 91 kwa kila tani. Sasa chukua lile gari kubwa ambalo watu wetu wameliita shangingi, Land Cruiser la namna ya 200 lenye injini ya dizeli ya silinda nane. Uzito wake, likiwa tupu, wazidi tani mbili na nusu. Nguvu zake, kwa kadiri ya soko lililoundiwa, ni kati ya farasi 230 na 270 hivi. Gawa vilevile. Utapata farasi 90 hadi 100 kwa tani. Tofauti yao ni ndogo mno! Injini moja ni kubwa kuliko nyingine karibu mara saba, na nguvu zote hizo za ziada zimekwisha kuliwa na uzito wa gari lenyewe, kama ndovu wa Carter walivyokula msafara.

Nisije nikaeleweka vibaya. Hapana anayependekeza kwamba Mkuu wa Wilaya apande Cappuccino kwenda kukagua mafuriko. Mwezi wa Machi, katika njia za udongo za Kaliua, lile gari kubwa lina haki yake: liko juu, lina uwezo wa kuvuta kwa magurudumu manne, na huchukua watu wanane na vifaa vyao. Ninalosema ni kwamba gari hilo hilo huonekana mara nyingi zaidi katika lami ya mjini likiwa na mtu mmoja nyuma na dereva mbele, na hapo linachukua tani mbili na nusu za chuma ili kumpeleka mkutanoni mtu wa kilo 80.

Na Tabora wanayo jamaa ya Cappuccino. Ipo sokoni kila asubuhi, ingawa imevaa nguo za kazi. Ni kile kigari kidogo cha mizigo, Suzuki Carry, ambacho bara yote hukiita kirikuu. Kirikuu za miaka ya 1990 zina injini ya ukoo ule ule, isiyo na turbo kwa kawaida, na zimezaliwa chini ya sheria ile ile ya Japani. Mzigo ulioruhusiwa na sheria hiyo ni kilo 350. Nilipokuwa Tabora nilikaa na karatasi nikapiga hesabu kwa frasila: kilo 350 ni wapagazi kumi na mmoja. Gari moja dogo, linalonunuliwa likiwa limetumika, linaloweza kutengenezwa chini ya mwembe, linafanya kazi ya mabega ishirini na mawili, na linamaliza kwa saa moja mwendo wa siku mbili za msafara.

Lakini halitumiki hivyo. Karibu na stesheni nilimkuta fundi kijana amelala chini ya kirikuu, anaongeza majani katika springi za nyuma. Aliniamkia bila ya kutoka, "Shikamoo mzee." Nikamwitikia, nikamwuliza springi za awali zimekosa nini.

"Hazijakosa kitu, mzee wangu," akajibu. "Mwenyewe anataka apakie gunia nane."

Gunia la mahindi ni kilo 100. Gunia nane ni kilo 800, zaidi ya mara mbili ya kilo zilizoruhusiwa. Nikamwuliza kama breki nazo zitaongezwa. Akachungulia, akacheka kidogo. "Mzee, wateja hawaniulizi breki. Wala hawaniulizi gari lina uzito gani. Wananiuliza litabeba gunia ngapi." Kisha akanieleza, kwa utaratibu ambao mwalimu wa chuo angeuonea wivu, yale yanayofuata: majani ya springi yakiongezwa gari huwa gumu, tairi ndogo hupasuka, mwenye gari huweka tairi kubwa, tairi kubwa huelemea klachi, klachi huungua, injini huchemka kabla ya kufika Sikonge, na mwenye gari humlaumu fundi. Kijana yule alikuwa amekwisha kuiona hesabu ya kibaba kwa macho yake. Kilichokosekana ni mtu wa kumsikiliza.

Jambo hili lataka kutazamwa na wasimamizi wa usalama barabarani, maana wepesi wa gari dogo ni fadhila mpaka pale linapopakiwa kupita kiasi. Baada ya hapo ni hatari. Breki zilizopimwa kusimamisha tani moja haziwezi kusimamisha tani moja na nusu katika mteremko. Na haifai kumtetea muundaji anayepunguza uzito kwa kuondoa mikanda ya viti na vyuma vya kukinga mlangoni. Wepesi wa namna hiyo ni wizi.

Basi, wepesi wa halali hutoka wapi, na kwa bei gani? Hapa ndipo penye ugumu wote. Kuna wepesi wa kununua: aluminiamu, nyuzi za kaboni, vioo vyembamba. Lotus walipotoa Elise mwaka 1996, chesisi yake ilikuwa ya aluminiamu iliyogandishwa kwa gundi, na gari zima likawa chini kidogo ya kilo 750. Ni kazi nzuri, lakini ikigongwa haitengenezwi Tabora, wala Darajani. Na kuna wepesi wa kuacha, ambao hauna bei: kiti kisicho na mota, dirisha la kuzungushwa kwa mkono, injini ndogo ambayo haihitaji giaboksi nene. Mazda walipotoa gari lao la MX-5 mwaka 1989 walichagua zaidi njia hii ya pili. Injini ya lita 1.6, farasi 115 hivi, uzito usiofika tani moja, vipuri vya kawaida. Likawa gari la spoti la watu wawili lililouzwa kwa wingi kuliko yote duniani. Hata mti una nafasi yake. Kiwanda cha Morgan huko Malvern, Uingereza, huunda magari ya spoti yenye fremu ya mbao chini ya bati la mwili. Seremala wa Unguja anayetia bodi ya mbao katika gari la abiria la shamba asifikiri kwamba kazi yake ni ya kimaskini. Ana ndugu katika ufundi ambao bidhaa yao hungojewa kwa miezi.

Wapo watakaouliza kama gari jepesi lahimili barabara zetu. Jibu limekwisha kutolewa, tena kwa ushahidi mgumu kuliko wote. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, na tangu 1960 hadi 1974 ziliitwa za Afrika ya Mashariki. Ulimwengu mzima uliziogopa: mwaka 1963, na tena 1968, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1965 aliyeshinda ni Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia. Mtumba ndio ulioshinda. Lakini ushindi ninaotaka kuukumbusha ni wa 1974. Mwaka huo Porsche walikuja na gari lao la 911, lenye injini kubwa ya silinda sita, likiongozwa na Björn Waldegård wa Sweden. Joginder Singh alikuwa na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, gari la familia lililotiwa ukali, lisilofika tani moja katika hali yake ya dukani, lenye springi za majani nyuma kama za lori. Porsche liliongoza, likaumia, likamaliza la pili. Lancer likashinda. Mwaka 1976 likarudi, na Lancer tatu zikashika nafasi tatu za mwanzo, Joginder akiwa mbele.

Sababu hazikuwa uchawi. Gari jepesi likianguka katika shimo, pigo analopata shimo na pigo linalopata gari ni dogo. Springi haivunjiki upesi, tairi haichaniki upesi, na likizama matopeni watu wanne huliinua. Springi ya majani yatengenezeka kwa mhunzi yeyote. Nguvu za Porsche zilikuwa na faida katika sehemu zilizonyooka, nazo zilikuwa chache. Ni haki pia kusema kwamba gari jepesi mno, lisilo na uimara, lisingefika hata nusu ya njia. Peugeot 404, ambayo ilishinda mwaka 1963 na 1968, haikuwa nyepesi kama Lancer, bali ilikuwa imara na ya kawaida. Uzito unaobeba kazi ni uzito wa lazima. Mpagazi hakuacha chungu chake.

Nchi za Afrika ya Mashariki zimekwisha kujaribu kuunda magari yao. Kenya, kwa wito wa Rais Moi mwaka 1986, iliwapa wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi ya kuunda gari, na mwaka 1990 magari ya mfano yaitwayo Nyayo Pioneer yakatembezwa Kasarani, yakafika mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Hayakuingia kiwandani, kwa kuwa fedha zilikosekana. Tanzania ilikuwa na Nyumbu, Kibaha, lori lililoundwa hasa kwa mahitaji ya jeshi. Uganda, mwaka 2011, wahandisi wa Makerere walitoa gari la umeme la watu wawili, Kiira EV. Katika yote matatu hili la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na mada yetu, kwa sababu gari la umeme limerudisha hesabu ya kibaba kwa ukali mpya: betri ndiyo chakula, na tofauti na mafuta, betri haipungui uzito njiani. Anayetaka kwenda mbali huongeza betri, na betri hiyo hutaka betri nyingine ya kuibeba. Mataifa tajiri sasa yanaunda magari ya umeme ya zaidi ya tani mbili kumpeleka mtu kazini. Sisi hatuna sababu ya kuwafuata. Kwa Unguja, ambapo kutoka mjini hadi Nungwi hakufiki kilomita 60, gari jepesi la betri ndogo lingetosha kwa kwenda na kurudi.

Hili lanirudisha kwa wale wenye kalamu ya serikali. Katika barabara kuu za bara tumeweka mizani, na kila lori husimamishwa likapimwa, kwa sababu tunajua uzito hula barabara. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionesha kwamba ekseli ikiongezwa uzito mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka kwa kadiri ya mara kumi na sita. Malori ndiyo wakosaji wakubwa, hilo halina ubishi. Gari dogo halivunji lami. Lakini tabia ya kuuliza uzito tumeiacha pale pale mizanini. Ushuru wa bidhaa wetu huliangalia gari dogo kwa ukubwa wa injini na umri wake. Ni kipimo kizuri kiasi chake, kwani injini ndogo mara nyingi hukaa katika gari dogo. Hata hivyo, magari mawili yenye injini sawa yaweza kupishana kwa kilo mia nne, na lililo zito litakunywa mafuta ya kigeni kwa miaka kumi na tano kwa ajili ya kilo hizo, na sheria haitaona tofauti yao. Kwa visiwa ambavyo kila lita ya petroli hufika kwa meli, kilo mia nne si jambo dogo.

Naomba basi jambo moja, jepesi pia. Katika fomu ambazo halmashauri, mashirika na idara hujaza zinapoomba gari, baada ya mstari wa bei na mstari wa nguvu za injini, uongezwe mstari wa tatu: uzito wa gari likiwa tupu. Na chini yake, mzigo na idadi ya watu watakaochukuliwa kwa kawaida, si kwa siku ya sherehe. Afisa wa kilimo anayezunguka vijiji vya tumbaku vya Urambo peke yake na mfuko wa vifaa atajaza kilo 100. Gari la wagonjwa litajaza zaidi, na litastahili. Mwenye kutia saini ataziona tarakimu mbili hizo zikiwa juu na chini, na ataweza kugawa moja kwa nyingine.

Nilipopita tena pale karibu na stesheni ya Tabora alasiri ile, kirikuu ilikuwa imekwisha kushushwa kutoka jekini. Fundi alikuwa akibishana na mwenyewe, kwa adabu, kwamba springi za zamani asizitupe. Mwenyewe, mtu mzima wa kofia ya kiua, akasema atazichukua. Akazitupa nyuma ya gari, juu ya zile mpya, akapanda, akaondoka.